Kabla mtoto apandikizwe uboho, uliza kama kuna njia ya upole kidogo

Wazazi wengi tunaokutana kwa wodi huku Kisumu tukiambiwa "mtoto lazima aandaliwe kwanza" tunadhani ni dripu moja ya kusafisha damu alafu basi. Apana. Ni kemo kali, saa zingine na mionzi ya mwili mzima, inamaliza uboho wa zamani ndo mpya upate pa kushika, na hapo ndo mtoto huumia: vidonda mdomoni, ini, baadaye kimo na hata uwezo wa kuzaa.

Kwa hivo kabla ya kukata tiketi ya India toa kopi ya faili yote, tafuta kipimo cha mabaki ya saratani, kwa karatasi kimeandikwa MRD. Kama ni ALL (saratani ya damu inayokuja kwa kasi) ya seli B na imerudi, uliza blinatumomabu. Hiyo ni dripu ya siku 28 bila kukatika, inashikanisha askari wa mwili na seli mbaya. Majaribio mawili ya 2021 yalionyesha watoto wengi zaidi walifika kwa upandikizaji, na madhara makali yakiwa machache kuliko ya kemo. Bei ni moto, nisikudanganye.

Sasa mionzi. Usiikatae ju tu umesikia ni mbaya, mimi karibu nifanye hivo. Utafiti wa FORUM, wa watoto wa ALL waliozidi miaka 4, baada ya miaka 2 waliopata mionzi na etoposidi (dawa ya kemo) walikuwa hai kama 91 kwa kila 100, wa kemo pekee 75. Upole nao una bei yake. Mdogo wa chini ya miaka 4 ubongo bado unajengeka, kwa hivo mionzi huepukwa, hapo uliza kama treosulfani inaweza kuchukua nafasi ya busulfani, zote ni dawa za kemo za kuandaa mtoto. Na mtoto ambaye ini ama figo zimechoka anaweza kupunguziwa dozi, lakini uliza wazi: ugonjwa kurudi je?

Kijana amebalehe? Kuhifadhi mbegu kuzungumzwe kabla ya dozi ya kwanza, sio baada.

Kama kuna melfalani, nayo ni dawa ya kemo, beba barafu kwa flaski, ya maji yaliyochemshwa, na uulize daktari kama anakubali. Mtoto afyonze kabla dripu ianze mpaka iishe na kidogo baadaye, inapunguza vidonda mdomoni. Wangu alikataa kabisa ya maji, nikamgandishia juisi ya ukwaju niliyoichemsha, akamaliza vipande vyote na kuuliza kama kuna zingine.