Kazi ya mgodini: anza na mkandarasi, sio na mwenye mgodi

Watu wengi wakitaka kazi ya mgodi wanafanya kitu kimoja, wanaingia kwenye tovuti ya kampuni kubwa, iwe BHP au Rio Tinto au Barrick, wanajaza fomu, wanaweka CV, alafu wanakaa kusubiri miezi. Nawaelewa maana na mimi nilianza hivo hivo. Ila ukishaingia mgodini hata wiki moja tu unagundua kwamba sehemu kubwa ya waliovaa helmeti pale hawajaajiriwa na mwenye mgodi. Kuna mkandarasi wa kuchoronga mashimo kwenye mwamba, kuna wa kuchimba na kubeba mawe, kuna wa baruti, wa matengenezo ya mitambo, wa kambi na chakula, na hao ndo wanaoajiri haraka, kwa sababu wakishashinda tenda wanatakiwa wawe na watu saiti ndani ya muda mfupi, hawana nafasi ya kuchambua maombi nusu mwaka. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza sio kuandika CV, ni kujua nani kapata tenda wapi. Soma habari za migodi, kampuni ikitangaza imesaini mkataba wa uchimbaji wa miaka mitano mahali fulani ujue hapo kuna watu wanatafutwa, na wewe peleka maombi wiki hiyo hiyo.

Pia angalia mgodi uko hatua gani, hili watu hawalizingatii kabisa. Kama bado wanatafuta madini wanahitaji wanajiolojia, wachorongaji na wasaidizi wao, na watu wa sampuli. Wakianza kujenga wanataka welda, fundi bomba, waendesha kreni, watu wa zege. Uzalishaji ukianza ndo zamu ya opareta wa malori na ekskaveta, mafundi mitambo, mafundi umeme, watu wa krasha na maabara. Unaweza kuwa opareta mzuri sana ukaomba kwenye mradi ambao hata barabara haujachonga, sio kwamba wamekukataa, hawana lori la kukupa. Na bei ya madini yenyewe iangalie, mwaka 2024 BHP ilitangaza kusimamisha shughuli zake za nikeli huko Australia Magharibi baada ya bei kuporomoka, sasa fikiria wewe umekomalia nikeli tu kipindi kile kile wakati dhahabu ilikuwa inapanda.

Kama huna uzoefu wowote, mlango ninaoupenda mimi ni usaidizi wa drili. Ni kazi ngumu, masaa 12, unabeba rodi za kuchorongea, unachanganya tope la kuchorongea, unapanga kori, yaani vipande vya mwamba vinavyotolewa shimoni, kwenye trei. Kupanga kori ndo kunakoonyesha wewe ni mtu wa namna gani: kipande kinachotoka kwanza kinakaa kwanza, unatoka kushoto kwenda kulia kama unasoma, mwisho wa kila rodi unaweka kibao chenye kina kilichofikiwa. Siku yangu ya tatu niligeuza kipande kimoja kichwa chini, mwanajiolojia akaja akakilinganisha na cha juu yake, mistari ya mwamba haikugusana, akanikalisha chini akanielekeza taratibu kwamba akiandika vile nilivyopanga mimi basi shimo linalofuata linaweza kuchorongwa upande ambao sio. Tangu siku hiyo niliheshimu trei. Ukifanya kazi hiyo mwaka mmoja kwa umakini mchorongaji mwenyewe ndo atakupigania upande cheo. Njia nyingine ni usafi na jikoni kambini, au vibarua vya shatidauni pale mtambo unaposimamishwa kwa matengenezo makubwa, vinaisha haraka ila unapata induksheni ya saiti, yaani mafunzo ya usalama ya kuanzia kazi, na majina ya watu.

Sasa CV. Tafadhali usiandike "nina uzoefu wa kuendesha mitambo mbalimbali", hiyo haimwambii mtu kitu. Andika hivi: "Nimeendesha lori la Cat 777 masaa 1,800, mgodi wa wazi, shifti za mchana na usiku, sijapata ajali." Aina ya mashine, masaa, mgodi wa wazi au wa chini ya ardhi, basi, anayesoma ameshajua akuweke wapi. Vyeti vyako vya leseni, huduma ya kwanza, kufanya kazi sehemu za juu, viweke ukurasa wa kwanza pamoja na tarehe ya kuisha muda. Mhandisi taja programu unazotumia kweli, Surpac, Deswik, Datamine, na mwanajiolojia sema kama umeshashiriki ripoti za JORC au NI 43-101, yaani viwango vya Australia na Kanada vya kuripoti kiasi cha madini. Kurasa mbili zinatosha. Refa wako, yaani mtu wa kukuthibitisha, awe msimamizi aliyekuona kazini, na umpigie kabla umwambie kuna watu watamtafuta, refa ambaye hapokei simu anakuharibia kuliko kutokuwa naye.

Ukifaulu intavyuu bado kuna medikali, na hapa nakuomba usiache kazi uliyonayo mpaka majibu yatoke. Wanapima masikio, macho, mapafu, mgongo, na mkojo kwa ajili ya dawa za kulevya, na pombe pia wanapima. Kama ulishafanya kazi kwenye kelele miaka mingi bila kuziba masikio nenda kapime mwenyewe mapema ujue umesimama wapi.

Kwa anayeomba kutoka nje ya nchi yenye mgodi, nitasema ukweli hata kama unauma. Kazi ambazo hazihitaji ujuzi mkubwa ni nadra sana mwajiri kukuleta kutoka mbali, maana anawapata watu hapo hapo. Wanaoletwa ni fundi wa dizeli wa mitambo mikubwa, fundi umeme, mhandisi wa migodi, mwanajiolojia, metalejisti (mtaalamu wa kuchenjua madini), sveya (mpimaji). Australia viza inayotumika sana kwa hao ni ya 482, tangu Desemba 2024 inaitwa Skills in Demand, na lazima mwajiri akudhamini. Ujuzi wako ukihitaji kuhakikiwa, wahandisi wanaenda Engineers Australia, wanajiolojia VETASSESS, mafundi wengi Trades Recognition Australia, na fundi umeme bado atahitaji leseni ya jimbo. Kanada mafundi wanazungumzia Red Seal, cheti cha ufundi kinachotambulika majimbo mbalimbali, na ukitaka kushuka chini ya ardhi Ontario utasikia kitu kinaitwa Common Core, ni mafunzo ya lazima. Kuhakiki vyeti na mtihani wa Kiingereza vinachukua muda, anza hivyo kabla hujaona tangazo, kwa sababu mwajiri akiona vimeshakamilika unakuwa mwepesi kwake.

Na hapa ndo matapeli wanapokaa. Rafiki yangu aliuza pikipiki yake, ndo ilikuwa inamlisha, akalipia "viza na medikali" kwa barua yenye nembo nzuri na mshahara mkubwa, intavyuu ilikuwa meseji za WhatsApp tu, hakuna aliyemuuliza hata swali moja la kazi. Mgodi upo kweli, ila barua haikutoka kwao. Kwa hiyo shika hili, Mkataba wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) namba 181 wa mwaka 1997 unasema mawakala wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada. Australia kuuza udhamini wa viza ni kosa la jinai tangu Desemba 2015. Kanada ada ya LMIA, tathmini ambayo mwajiri anaiomba kabla ya kuajiri mgeni, ni ya mwajiri, haruhusiwi kukurudishia wewe mzigo huo. Ada ya viza yako au mtihani wa lugha unaweza kuilipa, lakini unailipa serikalini au kituoni moja kwa moja, sio kwenye namba ya mtu. Ukipata barua usipige namba iliyo kwenye barua, tafuta tovuti ya kampuni mwenyewe, piga namba ya pale, uliza kama nafasi hiyo ipo.

Ikithibitika ni ya kweli, kabla hujasaini uliza maswali machache kwa maandishi. Rosta ni wiki mbili kazini na moja mapumziko, au siku 8 kwa 6? Siku za mapumziko zinalipwa? Induksheni inalipwa? Bima inaanza lini? Na ndege ya kwenda saiti inaanzia wapi, maana migodi ya Pilbara huko Australia Magharibi kwa mfano watu wanarushwa kutoka Perth, na mkataba ukisema ndege ni kutoka Perth basi kufika Perth na kulala pale wiki ya mapumziko ni hela yako, ipigie hesabu kabla ya kusaini.