Namna ya Kurekebisha Misaada kwa Majeshi ya Kigeni: Tuanzie kwenye Mshahara

Serikali inayofadhili jeshi la nchi nyingine ishughulikie kwanza mshahara wa askari, kabla ya bunduki na mafunzo. Umoja wa Ulaya ulipopeleka ujumbe wa EUSEC, wa kushauri kuhusu mageuzi ya jeshi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2005, mishahara ilipitia mikononi mwa makamanda, hivyo kamanda aliyetaja idadi kubwa ya watu alipokea fedha nyingi zaidi. Askari hewa walinenepesha mifuko ya wakubwa, na askari halisi, akiwa na njaa na bunduki, alikula kwa mwanakijiji.

Kwa hiyo tenganisheni njia ya fedha na njia ya amri, kama ujumbe ule ulivyosaidia kufanya. Hesabuni kambi moja baada ya nyingine: kila askari ajitokeze mwenyewe, achukuliwe picha na alama za vidole, apewe kitambulisho. Siku ya malipo, mlipaji asiyewajibika kwa kamanda wa kikosi aketi mezani na orodha hiyo, aite jina, alinganishe sura na picha, kisha ahesabu noti mbele ya mwenyewe. Kazi hii huchosha na haina sherehe, na nadhani ndiyo sababu wafadhili huikwepa.

Baada ya hapo chunguzeni rekodi za kikosi na za makamanda wake. Sheria ya Marekani inayoitwa kwa jina la Seneta Patrick Leahy inakataza kusaidia kikosi chenye ushahidi wa kuaminika wa ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu, lakini uchunguzi wa kabla ya mafunzo pekee hautoshi. Batalioni ya 391 ya jeshi la Kongo ilifunzwa na Wamarekani Kisangani mwaka 2010. Novemba 2012, jeshi liliporudi nyuma baada ya mji wa Goma kutekwa na waasi wa M23, batalioni hiyo ilikuwa miongoni mwa zile ambazo Umoja wa Mataifa ulizihusisha na ubakaji wa wanawake na wasichana huko Minova. Katika kesi ya mwaka 2014, ni wachache mno waliopatikana na hatia ya ubakaji.

Makubaliano basi yaseme kwamba uchunguzi utarudiwa kila kamanda anapobadilishwa, na kwamba sehemu ya fedha itaenda kwa wapelelezi wa mahakama za kijeshi na ulinzi wa mashahidi. Yataje mapema pia kitakachositishwa kosa likitokea: silaha, magari na safari za mafunzo za maofisa. Chakula na matibabu ya askari wa chini visiguswe, kwa sababu kuvikata ni kumrudisha mlangoni kwa mwanakijiji.