Namna ya Kupinga Usajili Usioifaa Mashujaa

Dirisha la usajili linapofunguliwa, shabiki wa Mashujaa, klabu ya soka ya Kigoma, Tanzania, anayetaka kumpinga mchezaji fulani aanze na dakika alizocheza, wala si mabao pekee, kwa kuwa mshambuliaji anayefunga kwa penalti na kutolewa kila kipindi cha pili hawezi kuibeba timu iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2023/24. Mtazame hasa timu yake inapopoteza mpira: akisimama mikono kiunoni huku beki wa kulia wa wapinzani akimpita mbio, mwache aende kwingine, hata kama jina lake ni kubwa. Ulizia majeraha ya goti yanayojirudia. Umri usiwe hoja ya kwanza, kwani kipa wa miaka 34 huweza kumzidi kijana asiyejua kupanga ukuta wa wachezaji wakati wa mpira wa adhabu.