Kupiga kambi pwani kwa gari baada ya kustaafu: kutoka Bagamoyo hadi Tanga

Mimi na mzee wangu tulipomaliza utumishi tulitoa viti vya nyuma vya HiAce yetu, tukatia kitanda, tukaanza kwenda kando ya bahari. Wastaafu wenzetu wengi wanatuuliza waanzie wapi. Naeleza hapa njia tunayoijua vizuri, ya Bagamoyo, Saadani, Pangani hadi Tanga. Pwani, safari hupangwa kwa maji na upepo kwanza. Hesabu ya kilomita inafuata.

Hatua ya 1: Chagueni msimu, kisha mwezi wa angani

Masika, yaani Machi hadi Mei, bakini nyumbani. Barabara ya kando ya bahari hupita penye udongo mweusi wa mfinyanzi, na ukishalowa, tairi huvaa tope na gari likateleza kama sabuni. Juni hadi Septemba, wakati wa kusi, upepo utokao kusini, ndio msimu ninaoupenda: hewa imepoa na barabara imekauka, ingawa bahari huchafuka. Kaskazi, upepo utokao kaskazini kuanzia Desemba, ina joto zito usiku kucha. Mwenye presha asianze na kaskazi.

Baada ya hapo tazameni kalenda ya mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo. Kama ni mara yenu ya kwanza, nendeni wakati wa maji mafu.

Hatua ya 2: Tengenezeni gari kwa magoti yenu

Fundi seremala atataka kuinua kitanda ili vitu vingi viingie chini. Mkatalieni. Kitanda kiwe usawa wa goti, mtu akae na nyayo zake zikanyage sakafu, kwa sababu mtaamka usiku kwenda haja na nyonga zenu zitawashukuru. Ndoo ya choo yenye mfuniko ikae karibu na mlango, na tochi ining'inie mahali pamoja siku zote.

Maji: sisi hutumia kama dumu moja la lita 20 kwa siku kwa watu wawili, kunywa, kupika na kuoga kwa kata. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo madumu matano ni kilo mia. Yapangeni chini, katikati ya tairi za mbele na za nyuma, wala msiyapandishe kwenye keria. Ya kunywa jazeni mjini. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na mgonjwa wa presha hafai kuyanywa siku nzima.

Umeme: friji ndogo ya volti 12 katika joto la pwani hula kama ampea-saa 30 hadi 40 kwa siku. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 na paneli ya sola ya wati 200 vinatosha, hata wingu likitanda siku nzima. Jiko la gesi liwashwe nje tu. Mkaa msiulaze ndani ya gari hata kama unaonekana umezimika. Hewa yake inaua waliolala.

Hatua ya 3: Dawa kabla ya vyakula

Mzee wangu anatumia insulini, kwa hiyo hapa sina mzaha. Ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Iliyokwisha kufunguliwa, aina nyingi hukaa nje ya friji kwa wiki nne ilimradi joto lisizidi nyuzi 30. Someni karatasi ya dawa yenu, maana zinatofautiana. Ndani ya gari lililofungwa juani nyuzi 30 hupitwa mapema asubuhi. Msiigusishe na ukuta wa friji unaogandisha: insulini iliyoganda ni ya kutupa. Wengine hutegemea mtungi wa udongo wenye kitambaa kibichi. Unasaidia, ila hewa ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo mtungi hushusha nyuzi chache tu. Uwe akiba yenu friji ikifa.

Bebeni dawa zinazozidi siku za safari, kadi za bima na vitambulisho vya NIDA. Jueni pia hospitali ziko wapi: Bagamoyo na Pangani kuna za wilaya, na Tanga mjini kuna Bombo, ya rufaa ya mkoa.

Hatua ya 4: Bisheni hodi

Nje ya kambi za kulipia, msilale popote kabla ya kuonana na mwenyekiti wa kijiji au mtendaji. Fikeni mapema, kabla ya saa kumi jioni, mkiwa na vitambulisho. Tunasema: "Sisi ni wastaafu, tunaomba kulala hapa usiku mmoja, kesho tunaondoka." Mara nyingi tumeonyeshwa mahali pazuri kuliko tulipokuwa tumepachagua, na kijana akaambiwa atupitie usiku.

Saadani ni tofauti, kwa kuwa ni hifadhi ya taifa. Lipeni ada za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kabla ya kufika getini na mlale kwenye kambi iliyoruhusiwa. Simba na tembo hupita humo, hivyo usiku ndoo ya choo ndiyo choo.

Hatua ya 5: Someni ufukwe

Hapa ndipo pa kutulia. Siku za bamvua, pwani hii maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, yakapwa kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku huchelewa kama dakika 50. Kwa hiyo anayefika saa nne asubuhi huona uwanja mpana wa mchanga mgumu, akaegesha, akatandika mkeka. Tofauti kati ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4, na mchanga ukiwa na mteremko mdogo, bahari hutembea mbali sana.

Tembeeni kwa miguu mkitafuta mistari ya mwani. Wa kwanza, wenye mwani mbichi na povu, ni wa leo. Endeleeni kupanda. Wa pili una mwani mweusi uliokauka, vijiti, maganda ya nazi na vipande vya ndala: huo ni wa bamvua lililopita. Egesheni juu ya huo, penye majani yanayotambaa yenye maua ya zambarau, au nyuma zaidi kwenye mivinje. Chini ya minazi hapana, hata kama kivuli chake kinavutia; nazi ikidondoka haichagui.

Kisha muulizeni mvuvi. Ushongo, kusini ya Pangani, mzee wangu alimwuliza mwenzake aliyekuwa akishona nyavu: "Bamvua hili maji yatafika wapi?" Yule mvuvi hakusema neno. Aliinuka, akapiga hatua chache, akachora mstari kwa kisigino. Alfajiri maji yalisimama hapo.

Hatua ya 6: Geuzeni gari kwa upepo

HiAce nyingi zina mlango wa kuteleza upande wa kushoto. Bahari yetu iko mashariki. Wakati wa kusi, elekezeni pua baharini: mlango utakuwa kaskazini, umekingwa na upepo na mchanga. Wakati wa kaskazi, geuzeni pua nchi kavu. Hakikisheni ardhi ni ngumu kiasi cha kurudi nyuma bila kusukumwa. Mkilazimika kupita mchanga laini, shusheni upepo wa tairi hadi kama psi 20, endesheni polepole bila kukata kona, na mjaze tena kwa pampu kabla ya kurudi barabarani.

Hatua ya 7: Zimeni taa

Kasa hutaga ufukwe wa Madete, ndani ya Saadani, na kwenye kisiwa cha mchanga cha Maziwe mbele ya Pangani. Mayai ya Maziwe huhamishiwa Ushongo, kwa kuwa maji makubwa hukifunika kisiwa. Kitoto cha kasa hufuata mwanga kikidhani ndio bahari. Taa nyeupe ya gari lenu inaweza kukipeleka nchi kavu kikafe. Pikeni na mle mapema, kisha giza liwe giza.

Hatua ya 8: Tanga, osheni chumvi

Kabla ya kufika Bweni, kijiji cha ng'ambo ya kusini ya mto Pangani, ulizieni hali ya kuvuka mto siku hiyo. Mkifika Tanga, gari lioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa chini: chasisi, springi, nyuma ya tairi. Reli ya mlango wa kuteleza ifutwe mchanga na kupakwa grisi. Fundi alipandishe gari aangalie mabomba ya breki, maana kutu huanzia pale ambapo bomba limeshikwa na kibanio, na mtu aliyesimama pembeni hawezi kuiona.