Rafiki Yako Anauguza Mgonjwa Mahututi: Jinsi ya Kuisaidia Familia Bila Kuiongezea Kazi

Mgonjwa akilazwa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), simu ya anayemuuguza haitulii. Kila anayepiga hutoa pole, huuliza hali, kisha humalizia kwa "ukihitaji chochote usisite kuniambia". Nia ni njema, ila kauli hiyo humwachia mwenye shida kazi tatu: kufikiria anahitaji nini, kuamua amwombe nani, na kuishinda haya ya kuomba. Kabla ya kutoa msaada wowote, jiulize kama utampunguzia rafiki yako maamuzi au utamwongezea.

Kwa hiyo taja kazi, siku na saa. "Kesho saa kumi jioni nitawachukua watoto shuleni na kukaa nao hadi saa mbili usiku. Kama haifai, andika 'hapana' tu." (Shule nyingi hazimkabidhi mtoto kwa mtu asiyejulikana, basi mzazi aitaarifu shule mapema, nawe ubebe kitambulisho.) Ujumbe wa kujulia hali uwe mfupi, na umalizie kwa "huna haja ya kujibu". Ukikaa siku tatu bila jibu, usinune. Tuma mwingine.

Mratibu mmoja, msemaji mmoja

Familia ichague msemaji wa kuzungumza na madaktari. Hospitali nyingi nazo hupendelea hivyo, kwa sababu habari ikipitia kwa watu watano hufika ikiwa habari tano tofauti. Marafiki nao wawe na mratibu, ambaye asiwe mtu wa nyumba ile. Msemaji humpa mratibu taarifa mara moja kwa siku, naye ndiye anayesambaza na kujibu maswali. Kwanza waafikiane nini kisemwe: jina la ugonjwa, jina la hospitali, au "hali haijabadilika" tu. Mgonjwa mwenye mirija asipigwe picha ya kusambazwa. Hawezi kuridhia.

Mratibu aandae jedwali la zamu lenye kazi, tarehe, saa, jina na namba ya simu. Alijaze wiki moja moja, maana hali ya mgonjwa hubadilika na mipango ya mwezi mzima huvunjika. Kosa tunaloliona mara nyingi ni wiki ya kwanza kufurika watu, na ya tatu kukosa hata wa kufua nguo. Wakijitokeza kumi, watano wapangwe baadaye. Zisisahauliwe kazi zisizoonekana: kulipa bili za nyumba, kutunza mifugo, kumpeleka bibi kliniki, kumpumzisha anayelala hospitali ili akalale kitandani kwake japo usiku mmoja.

Chakula

Waulize mara moja tu: wako wangapi, nani hali chakula gani na kwa sababu gani. Pelekeni kwa zamu, siku moja na kuruka moja, vinginevyo kitamwagwa. Tumieni vyombo visivyohitaji kurudishwa, vyenye sehemu za mtu mmoja mmoja, na bandikeni jina la chakula na tarehe kilipopikwa. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Kwenye friji ya nyuzijoto 4 au chini yake kiliwe ndani ya siku 3 hadi 4, na kipashwe moto mpaka kifuke mvuke hadi katikati. Cha kupelekwa hospitali kiwe kikavu, kinacholiwa kwa mkono mmoja, kisicho na harufu kali. Usimpelekee mgonjwa chakula bila idhini ya muuguzi: wagonjwa wengi wa ICU hulishwa kwa mrija, na tonge moja linaweza kuingia kwenye njia ya hewa.

Ukifika hospitali

Ukiwa na kikohozi, homa au vipele, baki nyumbani. Baada ya kuharisha au kutapika, subiri angalau saa 48 tangu kukome. Osha mikono kwa maji na sabuni kwa sekunde 40 hadi 60, au kwa kitakasa mikono kwa sekunde 20 hadi 30, unapoingia na unapotoka. Maua yaache, wodi nyingi za mahututi haziyapokei.

Mfuko wenye faida zaidi una chaja yenye waya mrefu, sweta, soksi, mswaki, maji, kalamu na daftari. Kurasa za mbele za daftari ziwe za maswali kwa daktari: nini kimebadilika tangu jana, tunangojea nini, hatua inayofuata ni ipi, na je, kuna uamuzi tunaotakiwa kuufanya? Jibu liandikwe papo hapo, kwani mtu aliyekosa usingizi husikia nusu na kukumbuka robo. Kurasa za nyuma ziwe za kumbukumbu za kila siku: leo kimetokea nini, nani alikuja. Wanaotoka ICU mara nyingi hawakumbuki siku hizo, au hukumbuka mambo ambayo hayakutokea, na maandishi hayo huwasaidia kuziba mapengo.

Mgonjwa wa mashine ya kupumulia hawezi kusema kwa sababu mrija umepita katikati ya nyuzi za sauti. Hata akiwa amepewa dawa za usingizi, huenda anasikia. Jitambulishe kwa jina, mtajie siku na saa, usimjadili mbele yake. Miwani na vifaa vyake vya kusikia vipelekwe. Kutoona na kutosikia huzidisha kuchanganyikiwa.

Damu na fedha

Mkiombwa damu, msiende wote siku moja. Aliyechangia husubiri miezi miwili au zaidi kabla ya kurudia, na chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia damu kuganda) huhifadhiwa siku 5 hadi 7 tu. Wagawanyeni wachangiaji kwa wiki. Kundi lisilolingana na la mgonjwa si sababu ya kubaki nyumbani pale hospitali inapopokea damu ya kufidia akiba.

Michango ipokewe na watu wawili, iandikwe, na familia ionyeshwe hesabu bila kuomba. Ni afadhali kulipa bili moja kwa moja na kuhifadhi risiti.

Maneno

Usilete habari za fulani aliyeugua hivyo hivyo, wala dawa uliyosikia mahali. Usiseme "atapona tu", hujui. "Pole. Nipo hapa" inatosha, kisha nyamaza. Familia ikiamua kusitisha tiba fulani, maoni yako yabaki kwako. Watoto waambiwe ukweli kwa maneno mepesi. Ukimwambia mtoto kwamba baba "amelala tu", ataogopa kulala.

Akiruhusiwa

Hapa ndipo marafiki hutoweka, na kazi ndiyo inaanza. Unyonge wa misuli, taabu ya kupanda ngazi, kusahau na ndoto za kutisha vinaweza kuendelea kwa miezi, na hata aliyeuguza anaweza kupata hofu au sonona. Jedwali la zamu liendelee: nani atampeleka kliniki na mazoezi ya viungo, nani atakaa naye mchana mwenzake akirudi kazini, nani atachukua dawa kabla hazijaisha.