Kumpasua ngisi ukiwa Dodoma: sinia, mkasi na kijiti cha meno

Kutoka darasani kwangu hadi baharini ni kilomita 450 hivi, na wanafunzi wangu wengi maji mengi waliyowahi kuyaona ni ya bwawa la Mtera. Nilichoka kuwachorea moluska, wanyama wa mwili laini kama konokono na ngisi, ubaoni. Sasa kila mwaka nanunua ngisi wawili wa barafu kwa mama muuza samaki wangu pale Majengo, tunawapasua.

Mwambie muuzaji unamtaka mzima: kichwa, ngozi na utumbo viwepo. Ukinyamaza atakusafishia kwa wema wake, nawe utaondoka na mfuko mweupe usio na somo lolote. Hesabu minyiri. Pweza ana minane; ngisi ana kumi, minane mifupi na miwili mirefu ya kufyatua anaponasa windo. Ukibonyeza mgongo ukakuta kitu kipana kigumu kama chokaa, huyo ni dome, ndugu yake. Naye anafaa, ila habari ya kalamu nitakayoieleza haimhusu.

Barafu iyeyuke polepole, usiku kucha, ndani ya bakuli lenye mfuniko chini kwenye friji. Maji ya moto yatamkunjakunja. Na jua usilithubutu. Oktoba moja niliona jua letu lipo bure, nikamwanika dirishani. Kufika kipindi cha tatu darasa zima lilikuwa limehamia chini ya mbuyu, limeniachia ngisi wangu.

Mlaze kwenye sinia, bomba likiangalia juu. Bomba ni kile kimrija cha nyama shingoni. Anavuta maji ndani ya mwili, anajibana, maji yanachomoka kwa bomba naye anatupwa nyuma kama puto lililoachiwa.

Usikimbilie kukata, tazama ngozi kwanza. Vile vidoadoa vyekundu na vya kahawia ni vifuko vya rangi, kila kimoja kimezungukwa na misuli. Misuli ikivuta, doa linatanuka, ikilegea, linasinyaa. Binamu yake konokono anabeba nyumba mgongoni. Ngisi hana, naye anaishi kwenye maji mafupi yenye mwanga, juu ya nyasi bahari na matumbawe, wanakopita samaki wanaomtamani. Ngozi hiyo ndiyo maficho yake.

Sasa kata kuanzia ukingo wa shingo hadi nchani, ncha ya mkasi ukiiinua juu usije ukatoboa kifuko cha wino, kile cheusi chenye mng'ao wa fedha. Fungua kama kitabu. Matamvua mawili ya kupumulia yanakaa kama manyoya ya kuku. Kwa kijiti cha meno gusa shina la kila tamvua: pana moyo mdogo. Wa tatu uko katikati. Ile miwili inasukuma damu kwenye matamvua, huu wa katikati unaisambaza mwilini. Damu yenyewe inabeba oksijeni kwa shaba, si kwa chuma kama yetu, ndiyo maana huwa ya buluu. Kwa huyu wa barafu buluu hutaiona, na lazima mtu atakuuliza.

Ukikuta vitu viwili vikubwa vyeupe vimelala sambamba, ni jike. Humo hutoka utando wa kufunika mayai. Ngisi wa miambani hubandika mayai kwenye nyasi na chini ya matumbawe, kwenye vifuko vyeupe kama vidole. Yeye mwenyewe kwa kawaida hafikishi hata mwaka. Kwa hiyo wanafunzi wakisikia wavuvi wamepiga baruti mwamba wa matumbawe huko pwani, waelewe kwamba na kitalu cha ngisi kimekwenda.

Pasua tumbo ndani ya kisosi cha maji. Mara ya mwisho tulikuta magamba ya samaki na vipande vya miguu ya kamba, vyote vimekatwa vidogo sana. Kisa ni umio, njia ya chakula kwenda tumboni: unapita katikati ya ubongo, ambao umeuzunguka kama pete. Tonge kubwa lingemminya akili! Bonyeza katikati ya minyiri, mdomo utachomoka, mgumu, umepinda kama wa kasuku.

Mwisho vuta kalamu: jani jembamba linaloonyesha kama plastiki, limejificha mgongoni. Ni mabaki ya kombe la mababu zake. Likamulie wino kwenye kijiko cha maji, chovya, andika. Hapo hata yule kijana wa dawati la nyuma huja mbele.

Sinia lioshe kwa majivu na ndimu kabla hujalirudisha jikoni. La kwangu, mama mkwe alilitambua kwa harufu akiwa bado sebuleni.