Kufunga Vitu kwenye Zege: Kuchagua Kishikizo na Kutoboa Tundu Linalofaa

Zege likigandamizwa hubeba mzigo mkubwa, lakini likivutwa hupasuka mapema, kwa kuwa uwezo wake wa kuhimili mvuto ni takriban sehemu moja tu ya kumi ya uwezo wake wa kuhimili mgandamizo. Ndiyo maana bolti nene iliyozamishwa kina kifupi ikizidiwa na mzigo kwa kawaida haikatiki, ila hung'oka na bonge la zege lenye umbo la pia, jembamba kule ndani na pana usoni. Anayetaka kufunga kabati, reli ya ngazi au mashine na aanze basi kuukagua ukuta au sakafu, kisha ndipo aende dukani kutafuta kishikizo.

Gonga kwa nyundo. Zege zima hutoa mlio mkavu na mfupi, ilhali tofali lenye uwazi, au lipu iliyoachana na ukuta, hulia kama debe tupu. Lipu haihesabiwi kamwe katika kina cha kishikizo, hata iwe ngumu namna gani. Ikiwa na unene wa milimita 15, milimita hizo huongezwa juu ya kina kinachotakiwa. Zege jipya nalo lina masharti yake: nguvu yake kwa kawaida hupimwa likiwa na umri wa siku 28, na kukaza bolti ya kutanuka, yaani inayoshika kwa kusukuma kuta za tundu, kwenye sakafu iliyomwagwa wiki iliyopita ni kuitafutia nyufa.

Kwa mizigo myepesi, kama swichi, fremu za picha na rafu ndogo, kishikizo cha plastiki ambacho mafundi hukiita roplagi kinatosha. Jina hilo lilitokana na Mwingereza John Joseph Rawlings, aliyeomba hataza ya kishikizo cha namna hiyo mwaka 1911, wakati huo kikiwa cha nyuzi za juti. Cha nailoni kilibuniwa na Mjerumani Artur Fischer mwaka 1958, na wanaosema "fisha" wanamtaja yeye bila kujua. Kishikizo hiki hushika kwa sababu skrubu hukitanua, hivyo skrubu nyembamba au fupi hukifanya kiwe pambo tu. Roplagi ya milimita 8 kwa kawaida hutaka skrubu yenye unene wa milimita 4.5 hadi 6, nayo iwe ndefu kiasi cha kutokeza kidogo upande wa pili wa plastiki.

Mzigo ukiongezeka, kuna skrubu ya zege, ambayo hukata njia ya hesi zake yenyewe kwenye kuta za tundu. Sifa yake kubwa ni kwamba haisukumi zege kwa nguvu kama zinavyofanya bolti za kutanuka, tena inaweza kufunguliwa. Lakini ikirudishwa mara kwa mara kwenye tundu lile lile, hesi hizo husagika na mshiko ukapungua. Kwa mashine, nguzo za chuma na mabano mazito hutumika bolti ya kabari: nati inapokazwa, bolti huvutwa nje kidogo, ncha yake iliyopanuka huingia ndani ya pete ya chuma, na pete hiyo hubana kuta za tundu. Bolti hii inataka zege zima, na kwenye tofali lenye uwazi huvunja tu kuta zake nyembamba. Misumari ya zege naiweka kando, kwani hufaa kwa mbao nyembamba na vibanio vya nyaya, na hata hapo nusu yake hupinda.

Kazi nyingi huharibikia kwenye tundu. Tumia drili inayogonga huku ikizunguka, pamoja na biti yenye ncha ya kabaidi. Kwa bolti ya kabari, kipenyo cha tundu hulingana na cha bolti yenyewe, yaani biti ya milimita 12 kwa bolti ya milimita 12. Kwa skrubu ya zege, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kwa sababu tundu lake ni jembamba kuliko skrubu. Zungushia biti kipande cha tepu mahali kina kinapokomea, kisha toboa moja kwa moja bila kuyumbisha mkono, maana drili ikiyumba mdomo wa tundu hupanuka.

Halafu kuna vumbi, ambalo wengi hulipuuza. Tundu la milimita 12 lenye kina cha milimita 90 hutoa zaidi ya vijiko viwili vya chai vya unga wa zege, na sehemu yake hubaki imegandamana kwenye kuta. Niliwahi kuchomoa roplagi iliyolegea siku chache baada ya kuifunga, nikaikuta nyeupe pande zote kama iliyopakwa poda: ilikuwa imeshika vumbi, na vumbi halikushika chochote. Puliza kwa pampu ya mkono, sugua kwa brashi ya mviringo, kisha puliza tena. Usipulize kwa mdomo, kwani unga wote utakurudia machoni. Vaa miwani na barakoa inayozuia vumbi laini, kwa kuwa vumbi la zege lina silika, ambayo huharibu mapafu taratibu.

Drili ikigoma ghafla kusonga mbele na mlio wake ukabadilika, au ukaona vumbi lina chembe zinazong'aa, umefika kwenye nondo. Acha, sogeza tundu, na lile lililoachwa lizibwe kwa saruji isiyosinyaa. Kwenye sakafu zilizojengwa kwa nyaya za chuma zilizokazwa, usitoboe bila michoro ya mhandisi.

Umbali nao una hesabu yake. Ili lile bonge lenye umbo la pia liwe kamili, umbali wa bolti kutoka ukingoni unapaswa kuwa angalau mara moja na nusu ya kina chake, na kati ya bolti na bolti mara tatu. Bolti iliyozama milimita 60 inataka basi milimita 90 kutoka ukingoni na 180 kutoka kwa jirani yake. Ukipunguza, uwezo hupungua.

Nafasi ikikosekana, gundi ya kemikali husaidia, kwa sababu haitanui zege. Tupa mchanganyiko wa mwanzo mpaka rangi iwe moja, jaza tundu kuanzia chini, ingiza fimbo ya hesi huku ukiizungusha, kisha usiiguse mpaka muda ulioandikwa upite. Kwa mizigo inayoning'inia darini siku zote, tahadhari iongezwe. Julai 2006 vipande vya dari ya zege viliangukia gari ndani ya handaki la Boston, Marekani, akafa abiria mmoja. Uchunguzi ulibaini kwamba gundi iliyotumika ilikuwa ikinyooka polepole chini ya mzigo wa kudumu. Kazi ya aina hiyo ni ya mhandisi.

Kwa nje na mahali penye unyevu, chagua chuma kisichoshika kutu, au angalau kilichozamishwa kwenye zinki iliyoyeyushwa. Ule mng'ao mwembamba wa bolti za kawaida hauhimili mvua.

Toboa pia tundu la bolti ya kabari kwenye sakafu liwe na kina kinachozidi urefu wa bolti nzima, ikiwa unene wa zege unaruhusu. Bolti hiyo haichomoki, lakini siku mashine itakapohamishwa utafungua nati, utaigonga kwa nyundo izame yote, na utaziba juu yake kwa saruji.